Kupasha Chakula Garini: Nani Amemnyima Msafiri Saa ya Kula?

Ijumaa moja alasiri nilipanda matatu pale Ukunda, kwenye njia panda ya kuingilia Diani, nikielekea Msambweni kumzuru mgonjwa. Gari lilikuwa limejaa pomoni na madirisha nusu yalikuwa hayafunguki. Kabla hatujafika Gazi, harufu ya samaki wa kupaka ikatanda humo ndani hata abiria tukaanza kutazamana. Hakuna aliyepakata kikapu cha samaki. Harufu ile ilitoka ubavuni mwa dereva, ndani ya kijikasha cheusi kisichozidi ukubwa wa kamusi, chenye waya uliochomekwa katika tundu la kuwashia sigara.

Bibi mmoja aliyeketi nyuma ya dereva hakuweza kustahimili.

"Mwanangu, wapika huku waendesha?"

"Sipiki, bibi, napasha tu. Mke wangu alikipika alfajiri."

"Na kula, utakula saa ngapi?"

"Tukifika Msambweni, hawa wakishuka na wengine wakipanda. Nikisema nikae nile, gari la nyuma litanichukulia abiria, na mwenye gari ataka hesabu yake jioni."

Bibi akaguna. "Basi wewe huli, mwanangu. Wewe wajaza mafuta."

Abiria walicheka, na dereva mwenyewe akacheka. Mimi nami nilicheka, ila kicheko changu kilikwama kooni, kwa sababu nitakayoieleza hapa chini. Maneno ya bibi huyo ndiyo yaliyonishikisha kalamu leo.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Madereva wa malori wa Marekani, ambao hukaa barabarani majuma mazima, wamekitumia kwa miaka mingi. Fauka ya hayo, mwaka 1989 Wamarekani wawili, Chris Maynard na Bill Scheller, walitoa kitabu kizima, Manifold Destiny, kuhusu namna ya kuivisha chakula juu ya injini ya gari linalokwenda. Sasa vijikasha hivi vimefika kwetu. Utaviona katika magari ya watalii, katika malori na, kama nilivyoshuhudia, katika matatu za Pwani ya Kusini.

Mwalimu wa fizikia anaweza kukifanya kijikasha hiki kuwa somo zuri. Betri ya gari dogo hutoa volti 12. Tundu la sigara likipitisha ampea 10, tunapata wati 120 tu, ilhali birika la umeme la nyumbani hula wati zipatazo 2,000. Nusu kilo ya maji, ili itoke kwenye nyuzi 30 hadi nyuzi 75 za Selsiasi, huhitaji jouli zisizopungua 94,000. Kwa wati 120, hizo ni dakika 13 iwapo hakuna joto litakalopotea. Lakini joto hupotea, na chakula kizito hakipitishi joto upesi kama maji yanayozunguka. Ndiyo maana sahani moja ya wali huchukua dakika 40, pengine saa nzima au zaidi, na katikati yake huenda bado ni vuguvugu. Injini ikizimwa, unaila betri. Mwanafunzi akimaliza hesabu hiyo atakuwa ameelewa jambo moja kubwa: kijikasha hiki hupasha polepole mno. Nitalirudia jambo hilo, maana ndipo hatari ilipojificha.

Kabla ya hapo, niruhusiwe kidogo niseme ya taaluma yangu. Je, kifaa hiki tukiiteje? Wengi husema "oveni ya gari", na hawakosei. Lakini ukitaka neno lililozaliwa nyumbani, utakuta njia mbili za kwanza zimezibwa. Ukisema "kijiko" kwa maana ya jiko dogo, utapewa cha kukorogea chai; neno hilo limekwisha kutwaliwa na mdogo wake mwiko, kama kijiti kilivyo mdogo wa mti. Ukisema "kipashio", wanafunzi wa kidato cha nne watakucheka, maana sisi wanaisimu tulilikwapua neno hilo zamani, na vipashio leo ni neno, kirai, kishazi na sentensi. Bora basi tufuate njia iliyotupa kipazasauti na kipimajoto, tuseme "kipashamoto". Nalitupa uwanjani neno hilo. Wasemaji ndio waamuzi.

Na hilo "pasha" lenyewe lina la kutufunza. Kitenzi hiki kimetokana na "pata", kama "pisha" ilivyotokana na "pita". Kupasha ni kumfanya mwingine apate. Humpasha mtu habari, hukipasha chakula moto. Daima pana mpaji na mpewa. Aidha, lugha yetu haikuwahi kumwachia msafiri ajipashe peke yake. Ina neno "masurufu", chakula au fedha anayofungiwa mtu aendaye safari, na anayefunga aghalabu ni mama, mke au shangazi. Chakula cha jana nacho kina majina tele: kiporo, bariyo, mwiku. Wingi wa majina hayo waonyesha kwamba watu wa mwambao huu walikijua chakula kilicholala na walikitofautisha na kilichopikwa sasa hivi. Hawakuona haya kula kiporo. Lakini walikila asubuhi, nyumbani, wakijua kimelala wapi na kimefunikwaje.

Hapo ndipo ninapofika kwenye sababu ya kicheko changu kukwama.

Miaka michache iliyopita niliwachukua wanafunzi wangu 12 kwenda Vanga kurekodi mazungumzo ya wazee wasemao Kivumba, lahaja ya Kiswahili inayozungumzwa Vanga na kisiwani Wasini. Tulilala Diani. Alfajiri tukapikiwa wali wa nazi na kuku, tukautia katika ndoo mbili za plastiki zenye vifuniko, tukazipanga chini ya viti vya gari tulilokodi. Mmoja wa wanafunzi alikuwa na kipashamoto. Nilimsifu mbele ya wenzake kwa kuwa mtu wa maarifa.

Kazi ilikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Wazee walizungumza, nasi tukasahau saa. Tulipoanza safari ya kurudi ilikuwa saa nane na nusu mchana, na wali ule ulikuwa umekaa ndooni tangu saa kumi na mbili asubuhi, katika joto la Pwani unalolijua. Tukaupasha kwa zamu, sahani baada ya sahani, gari likiwa mwendoni. Ulitoka moshi, ulinukia, na kila aliyeupata aliusifu. Kabla ya magharibi wanafunzi wanne walikuwa wameinama kando ya barabara, si mbali na Ramisi, wakitapika.

Tuliwafikisha katika kituo cha afya. Tabibu kijana aliuliza walikula nini, nami nikajibu kwa kujiamini kwamba chakula kilipashwa moto sawasawa. Akatabasamu kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "moto waweza kuua vijidudu, lakini hauondoi sumu waliyokwisha kuitema."

Alinieleza, na baadaye nilisoma mwenyewe, habari za kijidudu kiitwacho Bacillus cereus. Mbegu zake hukaa katika mchele mkavu, na hazifi wali unapochemka. Wali ukiachwa katika uvuguvugu, mbegu hizo huamka, huzaana, na baadhi yake hutoa sumu isiyoharibika hata ukiupasha wali tena. Mlaji huanza kutapika ndani ya saa moja hadi sita. Shirika la Afya Duniani, katika mafunzo yake ya Funguo Tano za Chakula Salama yaliyotolewa mwaka 2001, lilitoa kanuni ambazo mtoto wa shule ya msingi aweza kuzikariri: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, kinachosubiri kuliwa kiwe na joto linalozidi nyuzi 60, au kiwekwe kwenye baridi isiyofika nyuzi 5, na kinachopashwa kifike nyuzi 70 kila mahali, hata katikati. Wali wetu ulikaa saa nane na ushei. Na kipashamoto chetu, kwa ule upole wake niliouhesabu hapo juu, kiliupitisha taratibu katika joto lile lile ambalo vijidudu hulipenda.

Kesho yake wote walikuwa wazima, namshukuru Mungu. Lakini usiku ule mama wa mwanafunzi mmoja alipiga simu. Binti yake, akiwa hana nguvu ya kuzungumza, alininyoshea simu nimjibu mimi. "Mwalimu, mwanangu alikula nini?" Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na hamkupita penye mji hata mmoja mkasimama mkala?"

Tulipita. Tulipita Lunga Lunga, penye vibanda vinavyotoa moshi kandokando ya barabara. Hatukusimama kwa kuwa ratiba haikuturuhusu. Na ratiba ile niliiandika mimi. Nilikuwa nimetenga fedha za gari, za malazi, za betri za vinasa sauti, hata za kalamu. Mbele ya maneno "chakula cha mchana" nilikuwa nimeandika neno moja: "garini".

Msomaji mpendwa, swali la kichwa cha makala haya nimekwisha kulijibu kwa upande wangu. Aliyewanyima wasafiri wale saa ya kula nilikuwa mimi. Si mwanafunzi mwenye kipashamoto, wala si aliyetupikia. Ni mwenye kuandika ratiba.

Na yule dereva wa Msambweni, je, ratiba yake huandikwa na nani? Huandikwa na hesabu ya jioni. Ndiyo maana namwona yeye na wanafunzi wangu kuwa watu wa jahazi moja. Hakuna aliyekaa akaamua kwa ubaya kwamba dereva asile. Ila kila mmoja amejitwalia kipande cha muda wake: mwenye gari kataka fedha yake, abiria kataka kufika, gari la nyuma lataka abiria. Kilichosalia hakitoshi kukaa chini na kunawa mikono.

Sheria zipo. Sheria ya Trafiki ya Kenya inamkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba nambari 153 wa mwaka 1979, lilitaka dereva asipitishe saa nne mfululizo bila ya mapumziko. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2006, humlazimu dereva wa lori kupumzika dakika 45 kila anapotimiza saa nne na nusu za kuendesha. Zingatia tofauti. Dereva wa Ulaya akichomeka kipashamoto chake, aweza kukila chakula akiwa amesimama, kwa kuwa sheria imemsimamisha. Wetu huchomeka ili asisimame kamwe. Kifaa ni kile kile; kule kinautumikia muda wa mtu, huku kimekuwa hoja ya kumpokonya.

Na wa malori wamezoea makubwa kuliko haya. Mwezi Mei mwaka 2020, nchi za Afrika Mashariki zilipoanza kuwapima madereva virusi vya korona mipakani, foleni ya Malaba ilienea makumi ya kilomita. Madereva walikaa siku kadhaa wakipika na kulala pale pale kando ya magurudumu. Sisi tuliokuwa majumbani tulitaka ngano na mafuta yafike. Wachache waliuliza aliyeyaleta amekula nini.

Ni katika dhiki kama hiyo ndipo mtu hufanya lile lililo baya kuliko kiporo. Mvua ikinyesha, huliingiza jiko la makaa ndani ya chumba cha dereva na kufunga vioo. Makaa, hata yakiwa yamefifia, hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu isibebe oksijeni. Mtu husinzia asiamke. Mtungi mdogo wa gesi nao ukivuja garini, cheche moja yatosha. Mwenye njaa hana miiko, wahenga walinena. Basi tusimngoje afike kwenye njaa hiyo ndipo tumsomee miiko. Moto wa aina yoyote usiwashwe ndani ya gari, liwe limesimama au linakwenda.

Yamkini atatokea wa kuniuliza: je, wataka tuvitupe vipashamoto baharini? La hasha. Nawajua wenye ugonjwa wa sukari ambao hawawezi kula kila linalouzwa njiani. Namjua mama mwenye mtoto mchanga ambaye uji wa moto garini ni nusu ya safari. Wapo waliofunga, na magharibi huwakuta katikati ya njia. Wapo pia ambao bei ya hoteli za Diani haiwahusu ndewe wala sikio. Kwa watu hao kifaa hiki ni neema, mradi chakula kimetoka kwenye baridi au kwenye chombo kinachohifadhi joto barabara, na kipashwe hadi kitokote.

Ninachokipinga ni kukifanya kifaa kuwa jibu la swali ambalo si lake. Swali si namna ya kula bila ya kusimama. Swali ni kwa nini tusisimame.

Tazama barabara yetu hii ya kutoka Likoni hadi Lunga Lunga. Kombani pana kina mama wenye sufuria zilizokaa motoni tangu asubuhi. Ukunda, Msambweni na kwingineko vivyo hivyo: maharagwe ya nazi, samaki, mahamri, viazi karai. Kwa kanuni zile zile za Shirika la Afya, maharagwe yanayotokota jikoni mwa mama huyo ni salama kuliko wali wangu wa ndooni uliosafiri saa nane. Na sahani moja inayonunuliwa pale ni daftari la mtoto wake. Dereva anayepita bila ya kusimama amejinyima yeye, na amemnyima mama huyo vilevile. Mgeni njoo mwenyeji apone, twasema. Lakini mgeni asiyeshuka garini humponya nani?

Kwa hiyo nawageukia walimu, maana sisi ndio tunaoandika ratiba za watoto wa watu. Muhula haupiti bila ya basi la shule kutoka kwenda kwenye tamasha la muziki, mashindano ya mpira au ziara ya Shimba Hills. Tuandike saa ya chakula katika ratiba kama tunavyoandika saa ya kuondoka, tutaje na mahali. Tuitengee fedha kabla ya kutenga za fulana. Dereva wa basi naye ahesabiwe miongoni mwa walaji, ale ameketi. Mwalimu wa sayansi kimu na mwalimu wa fizikia waketi pamoja wafundishe habari za nyuzi 60, saa mbili na wati 120, ili mwanafunzi ajue kwamba moshi unaofuka juu ya sahani si hati ya usalama.

Kwa vyama vya wenye matatu nina ombi moja, nalo halihitaji sheria mpya ya Bunge. Zamu ya kupakia abiria kituoni tayari ipo. Iongezwe kanuni kwamba dereva aliye kwenye chakula nafasi yake haipotei. Gari la nyuma lingoje, kwa kuwa nalo litangojewa. Yule kijana wa Msambweni hakulalamikia njaa. Alilalamikia gari la nyuma. Tukimwondolea hofu hiyo, kipashamoto chake kitakuwa kifaa na si kamba.

Wahenga walisema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Dereva aliyelegea ana roho kumi na nne mikononi mwake, na mara nyingi yangu ni mojawapo.

Tulipofika Msambweni siku ile, niliteremka nikasimama kando kumtazama. Utingo alikuwa akiita abiria wa Ukunda. Dereva alifungua kijikasha chake, akala matonge manne akiwa kashika usukani, la tano akalirudisha kwa kuwa gari lilikuwa limejaa. Yule bibi, aliyekuwa ameshuka pamoja nami, alichomoa chupa ya maji kwenye mkoba wake, akampa kupitia dirishani. "Nawa mikono, mwanangu," akamwambia, "hao watangoja."

Na kweli, tuliokuwepo tuliona. Walingoja.